Usiniandike Juu ya Mtu

Watu wa Kiswahili sanifu wanaiita kompyuta mpakato. Nimelifundisha neno hilo kwa miaka, na sijawahi kumsikia mtu wa Masasi akilitumia nje ya darasa; kengele ikilia, kila mmoja anarudi kwenye laptopu yake. Hata hivyo ni neno zuri. Mpakato ni kitu cha kupakata, kukiweka mapajani kama unavyomweka mtoto. Yangu mimi haikupakatika. Betri ilikuwa imekwisha siku nyingi, kwa hiyo iliishi juu ya meza sebuleni, imefungiwa waya kwenye soketi moja iliyobaki nzima, mfano wa mbuzi na kamba yake. Ukiugusa waya, inazimika.

Hali yake haikuwa nzuri, sikatai. Kibonye cha herufi n kiling'oka, nikawa nabonyeza kwa kitako cha kalamu. Kwenye kona ya chini ya kioo palitokea doa jeusi dogo, likaanza kutambaa, hata mistari miwili mitatu ya mwisho ikawa haionekani mpaka uipandishe juu. Binti yangu wa kwanza, anayefanya kazi Dar es Salaam, kila alipokuja likizo aliitazama kwa huruma na kusema, baba, nikutumie nyingine. Nilimjibu kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Kisha nikaipeleka kwa fundi mmoja karibu na stendi. Akaifungua, akaipuliza vumbi, akaiwasha. "Mwalimu," akasema, "hii haijafa." Nilirudi nyumbani nimefurahi kana kwamba niliyepimwa ni mimi.

Kazi yake kubwa ilikuwa vifo. Kwetu mtu hazikwi kimya kimya. Kabla jeneza halijashushwa, mmoja wa familia husimama na karatasi akasoma historia ya marehemu: alizaliwa wapi, alibatizwa lini, alisoma mpaka wapi, alioa nani, ameacha watoto wangapi, aliugua nini. Nilipostaafu ualimu, kazi ya kuandika karatasi hizo iliniangukia bila mtu kuniuliza. Watu wa mtaani, watu wa kanisani, na baadaye hata watu wa vijijini waliofika kwa bodaboda, walikaa sebuleni kwangu na macho mekundu, wakaeleza, nikaandika, nikachapa.

Sikuwahi kuanza na ukurasa mweupe. Nilifungua historia ya marehemu wa mwisho, nikabadilisha jina, kijiji, shule, watoto, ugonjwa, nikaacha mengine yote yalivyo. Marehemu mmoja aliandikwa juu ya mwingine, huyo juu ya mwingine tena, kuanzia wa kwanza ambaye hata simkumbuki. Ndiyo maana wote walikuwa wacha Mungu, wakarimu, wapole na wapenda watu. Tangu nishike kazi hiyo, hakuna mtu mkali aliyekufa Masasi.

Mke wangu alinicheka sana kwa hilo. Yeye alikuwa Mmakonde wa Newala, mimi Mmakua wa upande wa Chidya, wa ukoo uliobatizwa mapema ukaanza kujiona. Aliniambia kuwa wamisheni walitufundisha kusoma na kusema uongo kwa sauti ya upole. Ulimi wake ulikuwa mkali, na wala hakuusingizia ugonjwa wala uzee. Alikuja nao kutoka kwao. Jirani akipitisha mbuzi kwenye mihogo yetu, ni yeye aliyekwenda kusema, mimi nikabaki ndani nikitafuta miwani.

Kisha akaugua. Ilikuwa tumbo. Tulikwenda hospitali ya Ndanda mara nyingi, akapimwa, akalazwa, akaruhusiwa, akalazwa tena, na mara ya mwisho daktari aliniita pembeni na kuniambia kwa adabu kwamba nyumbani atapumzika vizuri zaidi kuliko wodini. Tulipewa dawa za maumivu. Dada yake alishuka kutoka Newala kuja kumwuguza, akatandika mkeka wake kando ya kitanda cha mgonjwa, na mimi nikahamia sebuleni, mimi na mashine yangu. Chumba cha mgonjwa hakikuwa na soketi.

Mimi sikusema neno la kifo. Nilisema akipata nafuu. Akipata nafuu tutapanda Newala, akipata nafuu tutapalilia chini ya mikorosho. Shemeji yangu aligeuka kumfuta mgonjwa jasho.

Ndipo likatokea la kijiji cha Chiungutwa. Alifariki mkulima mmoja mzee wa kanisa, mtu wa watu, na ndugu zake wakaja kwangu mchana. Nilifungua historia ya marehemu aliyemtangulia, mtu wa hapa mjini aliyekuwa na watoto saba, nikaanza kubadilisha. Huyu wa Chiungutwa alikuwa na watoto sita. Niliandika sita, nakumbuka niliandika, halafu umeme ukakatika. Uliporudi, mashine iliniletea karatasi ya zamani, mabadiliko yote yamepotea. Nikarudia upya kwa haraka maana pikipiki ilikuwa inanguruma nje, na mstari wa watoto ulikuwa chini kabisa, ndani ya lile doa. Sikuupandisha. Nilichapa, nikawapa, wakaondoka.

Nilikwenda kuzika. Mpwa wa marehemu alisoma vizuri, kwa sauti ya kanisani, akafika pale: ameacha mjane na watoto saba. Watu wakanyamaza. Makaburini kwetu hakuna kunyamaza kwa kweli, maana watani wapo, na kazi yao ni kufanya masihara pale pale penye machozi. Mtani wa marehemu, mama mmoja aliyekuwa amevaa koti la marehemu na kofia yake na kutembea kwa kuchechemea kama yeye, akasimama juu ya udongo uliochimbwa. "Wa saba ajitokeze," akasema. "Tumwone sura kabla hatujafukia." Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mjane hakucheka. Alikuwa anawatazama vijana waliosimama pembeni, mmoja mmoja.

Baada ya matanga mjane yule alinifuata nyumbani. Alinisalimu shikamoo, nikaitikia marahaba, akakaa ukingoni mwa kiti bila kuegemea. Aliuliza wa saba ni wa nani. Nilimweleza yote, umeme, doa, marehemu wa mjini, nikawasha kompyuta nikamwonyesha kwa kidole mahali mstari ulipojificha. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu," akasema, "wewe ni rafiki yake, utamficha. Mashine haina sababu ya kusema uongo."

Akaaga, akaenda zake. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Mtu amelala na mumewe miaka yote hiyo, na mimi kwa kidole kimoja nimemwekea mtoto wa nje kitandani, na hakuna kifutio cha kumtoa. Nasikia mpaka leo kijana mgeni akipita kijijini, mama yule humwuliza kwao ni wapi.

Mlango wa chumbani ulikuwa wazi, kwa hiyo mke wangu alisikia kila kitu. Shemeji alikuwa ameegesha mto nyuma ya mgongo wake. Nilipoingia nilitegemea anicheke, na kwa kweli nilitamani anicheke. Alinyoosha mkono nikae.

"Mimi usiniandike juu ya mtu," akasema.

Nilijifanya sikuelewa. Akasema tena, polepole, kama mtu anayemtuma mtoto dukani. Hataki kuandikwa juu ya mzee wa Chiungutwa, wala juu ya mtu yeyote. Anataka karatasi yake mwenyewe, na anataka kuitaja yeye kwa kinywa chake, mimi niandike tu. Na nisithubutu kusema alikuwa mpole. Nikamwambia mambo hayo ya nini sasa, akipata nafuu tutayazungumza. Akafumba macho, akasema nimechoka, nenda.

Kuanzia siku hiyo kazi ilikuwa wazi, na ilikuwa rahisi. Yeye hakuweza tena kukaa mezani. Mashine haikuweza kuondoka mezani. Ilitakiwa nyingine, yenye betri, ya kwenda nayo mpaka kitandani. Binti yangu alipiga simu akasema, baba, mama ameniambia, natuma leo. Nikamzuia. Nikamwambia ya kwangu inafanya kazi, fundi ameithibitisha, na mtu hatupi kitu kizima kwa sababu ya doa. Ningeweza kuandika kwa kalamu, mtu atasema. Nilijaribu, nilichukua daftari nikakaa pembeni yake, akalitazama akasema hilo ni la mahudhurio, lirudishe. Alitaka kuyaona maneno yake yamesimama kwenye kioo, yasomeke, ayasahihishe. Miaka yote alikuwa amewaona wengine wakiandikwa kwenye mashine.

Siku zilipita hivyo. Mikorosho ilitoa maua, watu wakapulizia salfa, asubuhi hewa ikawa na harufu ya kiberiti. Nilikuwa na sababu mpya kila siku. Nilisema za sasa hazidumu. Nilisema ningoje bei ishuke. Nilisema nitaitafutia ile ya zamani betri, na nikampigia fundi simu akasema betri za aina hiyo hazipatikani tena, nikamwambia aendelee kutafuta. Watu waliniona bahili, na niliwaacha wanione hivyo. Ukweli ni kwamba niliogopa. Kununua ile mashine kulikuwa kukubali, na mimi sikuwa nimekubali. Nilijua kazi yake ya kwanza itakuwa ipi. Nilidhani ile iliyopo ikiendelea kuwaka, na yeye ataendelea.

Jioni moja shemeji alikuwa nje anachemsha ming'oko, mizizi ile ya porini ambayo mgonjwa alikuwa ameiomba, ingawa sote tulijua atamega kipande na kukirudisha. Mimi nilikuwa mezani. Nikasikia kitu kama gunia linateremshwa ukutani. Nilipotoka kwenye ujia nilimkuta ameketi sakafuni, khanga imemtoka begani, mkono mmoja umeshika ukuta. Alikuwa amefika nusu ya njia.

Nilimwuliza anakwenda wapi. "Mezani kwako," akasema. "Naona wewe huji."

Nilikaa pale pale sakafuni nikampandisha mapajani. Hakuwa na uzito. Mwanamke huyu niliyemwona akibeba gunia la korosho kutoka shamba hadi barabarani, nikampakata kama mjukuu, akaegemeza kichwa kwenye shingo yangu, tukakaa hivyo mpaka shemeji alipokuja na taa. Nililia, na yeye akaniambia niache, nitamlowesha.

Asubuhi nilikuwa wa kwanza dukani, hata shata halijapandishwa. Kijana wa duka alinipangia mashine mezani, nyembamba zote, akaniuliza naitaka ya kazi gani, ya ofisi, ya chuo, au ya kuangalia picha. Nikasema ya kuandika. Akauliza kuandika nini, ili ajue anishauri ipi. Nikasema barua. Akanipa moja nyeusi, akaisifia kwamba itanifaa miaka mingi, nikaitikia kwamba ni vizuri.

Tuliianza mchana huo. Niliketi kitandani, nikaiweka mapajani, nikafungua ukurasa mweupe. Sikuwa nimeuona ukurasa mweupe kwa muda mrefu. Aliutazama, akasema ni mweupe kweli.

Akaanza kwao. Hakuanza na tarehe ya kuzaliwa. Alisema hiyo nimwachie kasisi. Alianza na maji. Newala watu tumezaliwa juu, akasema, maji yamezaliwa chini. Akasema aliteka maji bondeni, chini ya Shimo la Mungu, lile korongo la kwao, tangu ndoo ikiwa ndogo mpaka ikawa debe, na kwamba waliondoka kungali giza na kupanda ule ukingo jua likiwa mgongoni, na ukijikwaa karibu na juu huendi nyumbani kulia, unarudi chini kuteka. Nikauliza tuandike kwamba alikuwa mchapakazi. Akasema hapana, andika maji. Akataja majina ya wasichana wote aliopanda nao, wengi wamekufa, nikayaandika yote. Akasimulia namna alivyompiga msichana mmoja aliyemwaga debe lake kwa makusudi, na kwamba hajajuta. Nikasita. Akanisogelea kuangalia kioo kama nimeandika.

Ilikuwa kazi ya pole pole. Sentensi moja, pumzi tatu, maji ya kunywa, usingizi kidogo, halafu anaamka na kuanza pale pale alipoachia. Habari za unyago wake alizipita. Alisema hizo haziandikwi, na hasa haziandikwi na mwanamume. Shemeji alicheka kwa mara ya kwanza tangu aje. Nilikuwa na furaha siku hizo, sioni haya kuisema, furaha mbaya ya mtu anayekula akiba ya mbegu.

Siku ya tatu sauti ilikuwa ya kunong'ona. Alisema kwamba mwaka ule alikuwa msichana mkubwa, na kwamba alikuja mwalimu mgeni kutoka chini, Mmakua, mwembamba, asiyejua kubeba hata kibuyu. Akatabasamu. Nilingoja. Niliweka vidole kwenye vibonye nikangoja maana hapo ndipo nilipokuwa naingia mimi, na katika maisha yetu yote hakuwahi kuniambia aliniona vipi siku ile. Nilimwuliza mara nyingi, akawa anasema, nitakuambia ukiwa mzee. Alilala. Alipoamka hakuwa na maneno tena, alikuwa na macho tu, na kesho yake jioni hata macho yakaisha.

Nilikuwa na wiki nyingi. Ndizo nilizozitumia kutafuta betri.

Historia ilibidi imaliziwe, maana watu wa kanisa walitaka karatasi. Nilikaa nayo, na kishale kilikuwa kinapepesa pale alipokiacha, baada ya neno kibuyu. Sikuweza kuendelea kwa sauti yake. Niliruka mstari nikaandika kama ninavyoandikia watu: alifunga ndoa takatifu, akajaliwa watoto wanne, alianza kusumbuliwa na tumbo. Mistari mitatu. Neno mpole sikuliandika.

Ndugu yake alisoma. Alipofika penye msichana aliyepigwa, watu wa Newala waliokuja kuzika walianza kucheka, na bibi mmoja mzee sana akainua mkono akasema kwa Kimakonde kwamba ni yeye, yeye ndiye aliyemwaga debe, na akaangua kilio ambacho kiliwaliza wote. Ilikuwa historia ambayo sijapata kuisikia makaburini. Kisha akafika kwenye ndoa, na ikaisha kabla hajavuta pumzi.

Mtani wake alikuwa amevaa khanga zake. Alinijia mpaka pale nilipokuwa nimeketi, akaniinamia, na hakusema kwa sauti ya kuchekesha watu.

"Mwalimu," akasema, "kumbe ulimwoa kwa mistari mitatu."

Watu walicheka kidogo, kwa adabu. Nami nilijaribu.

Shemeji alirudi Newala. Mabibo ya mikorosho yalianza kudondoka, nyumba nzima ikawa inanuka utamu uliochacha, na mimi nikarudi kulala chumbani. Ile mashine mpya niliiweka kabatini, kwenye khanga yake moja. Siku nyingine naitoa, naiweka mapajani, naiwasha, nasoma kuanzia maji mpaka kibuyu, naifunga.

Majuzi alikuja jirani yangu wa mtaa wa pili. Mama yake amefariki, mazishi kesho. Alikaa kwenye kiti kile kile cha mjane wa Chiungutwa, akaeleza huku akijifuta, na aliponiona nanyoosha waya wa ile ya zamani akanikumbusha kwa upole kwamba mtaa mzima unajua nimenunua nyingine. Akasema afadhali tutumie hiyo, mama yake asije akapewa watoto wasio wake.

Nilimwambia imekufa.

Alishangaa. "Mpya ile, Mwalimu? Imekufa tayari?"

"Tayari," nikasema, nikachomeka waya.